Fundi cherehani ni baba, kifungo cha shati ni cha mama. Kulikoni?

Pita Kariakoo au Manzese, au barazani kwa duka lolote la vitambaa Mwanza na Arusha. Aliyeinama kwenye cherehani ya kukanyaga, futi ya kupimia ikiwa shingoni, mara nyingi ni mwanaume. Anashona suruali, sare za shule, hata gauni la bibi harusi. Jioni anarudi nyumbani. Kifungo cha shati la mtoto kikikatika, anaitwa mama.

Jikoni nako mambo ni hayohayo. Anayekaanga chipsi mayai kibandani ni kijana wa kiume. Anayechoma mishkaki ni mwanaume. Kwenye harusi za Pwani, mpishi anayekoroga sufuria kubwa la pilau kwa mwiko mrefu ni mwanaume, na watu wanampa heshima zake. Siku hizi kuna baba lishe wanaogombea wateja na mama lishe. Dobi naye anafua na kupiga pasi nguo za mtaa mzima, hakuna anayemcheka.

Kwa hiyo ile hoja kwamba sindano, mwiko na beseni haviendani na mikono ya kiume haisimami. Mikono inaweza. Kinachobadilika ni hela. Kazi ikilipwa, mwanaume anaifanya mchana kweupe. Ikiwa ni ya bure, nyumbani kwake mwenyewe, ghafla inakuwa ya kike.

Kwa Kenya, ukubwa wa tofauti hiyo umepimwa. Utafiti wa matumizi ya muda uliofanywa 2021 na Shirika la Taifa la Takwimu la Kenya, KNBS, ulionyesha kwamba wanawake wanatumia karibu mara tano ya muda wa wanaume kwenye kazi za nyumbani na malezi yasiyolipwa. Si mara mbili, ni mara tano! Na wengi wa wanawake hao wana genge, shamba au ajira inayowasubiri asubuhi.

Wanaume wana jibu lao, na lisikilizwe. Mtu anayetoka saa 11 alfajiri kwenda saiti na kurudi saa 2 usiku atashona saa ngapi? Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtaka mume ndiye amtunze mke wake. Anayetafuta hela ya kula anaona zamu yake imeisha akishafika mlangoni. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu zaidi kama mke angekuwa anashinda nyumbani. Lakini kwenye familia nyingi za mjini sasa wanatoka wote wawili, wanarudi wote wawili wamechoka, na mmoja wao anaanza zamu ya pili.

Shule inaingiaje hapa? Tanzania imeamua kurudisha ujuzi wa mikono darasani. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa rasmi Februari 2025, imeweka mkondo wa amali kwenye sekondari, na wanafunzi wa kwanza waliingia kidato cha kwanza Januari 2024. Ushonaji na upishi ni kati ya fani zinazofundishwa. Mvulana anaweza kumaliza kidato cha nne akiwa anajua kukata kitambaa, kutia zipu na kupinda upindo.

Ni hatua nzuri, ila isitarajiwe kufanya kisichokuwemo ndani yake. Amali inafundisha kazi ya kuajiriwa au kujiajiri. Inamwandaa kijana kuwa fundi mwenye kibanda, na mafundi wanaume wenye vibanda tayari wapo tele. Mvulana aliyechagua umeme au uashi anaweza kumaliza shule bila kushika sindano hata siku moja.

Zamani ilikuwa ngumu zaidi. Miaka ya 1970, sekondari zilipogawiwa michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu, hiyo sayansi kimu ilionekana wazi kuwa ya wasichana. Kizazi cha baba wa leo kimelelewa na walioona mgawanyo huo ni wa kawaida kabisa.

Halafu kuna mafunzo yasiyo na mtaala. Binti akikaribia kuolewa anafanyiwa kicheni pati. Somo na mashangazi wanamkalisha kitako, wanamweleza namna ya kutunza nyumba, anaondoka na masufuria, jiko na vyombo vya kujaza kabati. Bwana harusi yuko wapi siku hiyo? Yuko na washkaji wake, anahesabu michango. Hakuna anayemkalisha chini kumuuliza kama anajua kupika ugali ukaiva, achilia mbali kushona soksi. Nyumba wataingia wawili, ila aliyepewa somo ni mmoja.

Cha ajabu, wengi wa hao mabwana harusi wanajua. Waliosoma bweni walifua sare zao, walideki mabweni, walishona vifungo kwa uzi wa kuazima. Waliopita JKT walinyoosha magwanda na kutandika vitanda kwa mstari. Waliopanga chumba kimoja mjini walipika wenyewe miaka mitano, sita. Ujuzi upo, ndoa inaufungia kabatini.

Unaoufungia zaidi ni ulimi wa mtaa. Mwanaume akionekana anaanika nguo, jirani anasema amelishwa limbwata. Akibeba mtoto mgongoni, amekaliwa. Mama yake mzazi akija kutembea na kumkuta jikoni, anaweza kununa siku tatu, na lawama zinamwendea mke. Kuna wanaume wanaofua usiku ili wasionekane. Hao hawahitaji kozi ya ufuaji.

Mahakama ilishaona thamani ya kazi hizi zamani. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kazi za nyumbani za mke zinahesabika kuwa mchango wake katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia mgawo aliokuwa anaudai, lakini msingi ule umeendelea kutumiwa na wanawake waliokuja baada yake. Kenya nayo, kwenye Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, imeandika wazi kwamba kazi za nyumbani na malezi ni mchango. Yaani kufua na kupika vina thamani mbele ya hakimu, siku ndoa inapovunjika. Wakati ndoa iko hai, hakuna anayehesabu.

Anayeumia si mke peke yake. Mgane wa miaka 60, ambaye hajawahi kuwasha jiko, akifiwa na mkewe anabaki kumtegemea binti yake au mke wa mwanawe kwa kila sahani. Aliyeachika anahamia chumba cha kupanga na kula chipsi wiki nzima. Baba ambaye mkewe amejifungua Tanzania anapewa na sheria likizo ya siku 3 tu. Kenya ni wiki 2. Kama hajui kupika uji wa mzazi wala kufua nepi, siku hizo anazimaliza akipokea wageni sebuleni.

Na kuna binti wa darasa la sita. Mama akizidiwa, anayeamshwa kuosha vyombo kabla ya shule ni yeye, huku kaka yake wa darasa la saba akiwa bado amelala. Mitihani wote wanafanya. Hapo baba hahitaji kusubiri mtaala wala mkutano wa wazazi. Sindano na uzi vinauzwa duka la Mangi hapo nje, na kijana akishaonyeshwa namna ya kushona kifungo, ataweza kukishona mwenyewe kabla chai haijapoa.