Mcheza Kwao Hutunzwa Hadi Lini?

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Swali langu ni hili: hutunzwa kwa makofi tu, au hata pale magoti yake yanapochoka?

Tarehe 24 Desemba 2019, wacheza baleti wa Opera ya Paris, wakiwa katika mgomo, walicheza sehemu ya Swan Lake kwenye ngazi za nje za jumba la Palais Garnier. Walikuwa wakitetea utaratibu wa pensheni wenye asili ya mwaka 1698, zama za Mfalme Louis wa 14, unaowawezesha kustaafu wakiwa na umri wa miaka 42. Serikali ya Ufaransa ilikusudia kuuingiza katika mfumo mmoja wa wafanyakazi wote.

Wapo walioliita jambo hilo upendeleo. Siafikiani nao. Mcheza baleti huanza mafunzo utotoni, kabla mifupa haijakomaa. Huruka na kutua siku nenda siku rudi, na wanawake hubeba uzito wote wa mwili juu ya ncha za vidole. Majeraha yao mengi hayatokani na ajali moja, bali na kurudiarudia mwendo uleule: mifupa ya wayo hupata nyufa, kano za kifundo cha mguu huumia, nyonga na kiuno hulemewa. Tena wapo wanaoficha maumivu kwa kuhofia nafasi yao kupewa mwingine. Jeraha la namna hii ni tokeo la kazi, si udhaifu wa mtu.

Hoja ya usawa ina uzito wake. Hata hivyo, usawa si kuwapimia wafanyakazi wote kwa kalenda moja ilhali kazi hazichakazi miili kwa kasi moja. Ikiwa mchukuzi wa mizigo bandarini naye huchakaa mapema, apewe kinga naye. Mcheza baleti asinyang'anywe yake.

Serikali ilipopendekeza kwamba mabadiliko yawahusu tu watakaoajiriwa kuanzia mwaka 2022, wachezaji hao walikataa. Hawakukubali kujiokoa kwa kuwatoa kafara wadogo zao. Vyama vya wafanyakazi vina la kujifunza hapo. Nao waandaaji wa sera, kabla ya kutaja umri wa kustaafu, waulize kwanza: kazi hii inaufanyia nini mwili wa binadamu, na ukishaharibika, nani atalipa?