Koti Jeupe na Macho ya Mwanafunzi



Likizo iliyopita, baada ya Misa ya Jumapili, tuliketi nje ya kanisa pamoja na baadhi ya ndugu zenu wanaosomea udaktari mjini. Mazungumzo yakafika kwa walimu wao wa hospitalini. Mmoja walimsifu sana: koti lake limepigwa pasi, saa yake inang'aa, viatu vyake havijui tope. "Huyo ndiye daktari," wakasema. Mwingine wakamcheka: koti limepauka, kifungo kimekatika, mwili ni mwembamba kama wa mwanafunzi, na huja kazini kwa pikipiki akiwa na buti za mpira. Tukawauliza ni yupi kati ya hao wawili anayetambua ugonjwa upesi zaidi. Kukawa kimya. Hakuna aliyekuwa amejiuliza swali hilo.

Siku ile nasi tulinyamaza. Tulikosea, na leo tunasema.

Hatukatai kwamba mavazi yana kazi yake. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha majibu ya wagonjwa 4,062 kutoka hospitali 10, na zaidi ya nusu yao walisema kwamba mavazi ya daktari ni jambo la maana kwao. Hata hapa Kivu tunalijua hilo. Denis Mukwege amesimulia jinsi, akiwa bado mtoto mjini Bukavu, alivyomfuata baba yake mchungaji kwenda kuwaombea wagonjwa, akashangaa kwa nini baba hatoi dawa. Akaamua kuwa mganga. Na kwa akili ya mtoto, mganga alikuwa mtu wa koti jeupe anayegawa dawa. Koti lile lilimwita mtoto, naye akaenda mbali: akasomea Burundi, akaanza kazi Lemera milimani, na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani.

Basi mtoto ana udhuru. Mgonjwa naye ana udhuru. Mama aliyebeba mwana mwenye homa kutoka mlimani hadi kituo cha afya hawezi kusoma vyeti vya daktari wala kupima maarifa yake; macho ndiyo aliyo nayo, na koti safi humpa moyo. Lakini mwanafunzi wa udaktari ana udhuru gani? Yeye husimama kando ya kitanda. Huona kama daktari amenawa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa. Husikia maswali anayouliza, na husikia pia yale asiyouliza. Amefunguliwa mlango ambao mgonjwa hafunguliwi, kisha anabaki kizingitini akitazama viatu! Huo si udhaifu wa kibinadamu tu. Ni uvivu wa akili, na uvivu huo utawagharimu wengine.

Uliwahi kuwagharimu. Katika karne ya 19 wapasuaji wengi wa Ulaya walifanya kazi na koti jeusi lililokauka damu, na damu ile ilihesabiwa kuwa alama ya uzoefu. Tunaweza kukisia wanafunzi walilitazama koti la namna hiyo kwa macho gani. Mwaka 1847, huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis alitambua kwamba madaktari na wanafunzi waliotoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuzalisha ndio waliokuwa wakiwapelekea wazazi mauti mikononi mwao. Akawaamuru wanawe kwa maji yenye klorini, na vifo vikapungua sana. Wakubwa wengi walimpinga. Koti jeupe tunalolisujudia leo lilienea baadaye, dawa ilipoanza kujitambulisha kwa usafi na sayansi. Na hata hilo halikuachwa bila kuulizwa: mwaka 2007 wakuu wa afya wa Uingereza waliagiza madaktari waache mikono wazi kuanzia kiwikoni wanapohudumia wagonjwa, bila mikono mirefu ya koti wala saa, kwa kuhofia vijidudu. Ile saa inayong'aa, vijana, kumbe huko huvuliwa mlangoni.

Kuna jambo jingine linalotuuma. Binti wa kwetu akivaa koti lile lile, baada ya miaka ile ile ya masomo, bado huitwa muuguzi, na mgonjwa humwuliza daktari atafika saa ngapi. Kama ni mgonjwa tu aliyesema hivyo, tungevumilia. Lakini wanafunzi wenzake hucheka, na hapo macho yao yanatuonyesha kwamba hawakuwa wakitazama hata koti. Walikuwa wakitafuta mwanamume, mnene kidogo, mwenye mvi.

Sasa tazameni barabara yetu, ile inayotoka Sake kupitia Mushaki na Matanda hadi hapa Bihambwe. Mvua ikinyesha, ni nani atafika huku na viatu visivyojua tope? Kijana aliyefundishwa, au aliyejifundisha, kwamba daktari wa kweli hang'ang'ani na matope, ataiona Masisi kuwa mahali pa kushushwa cheo. Atabaki mjini. Na akiletwa huku kwa nguvu, atamtazama mkulima mwenye miguu ya udongo kwa jicho lile lile alilomtazamia mwalimu wake wa buti. Mtume Yakobo, katika sura ya pili ya barua yake, aliwakemea waliompa kiti tajiri mwenye pete na kumsimamisha maskini. Hospitalini kiti hicho ni foleni.

Sisi tuliowatangulia hatuna mikono safi katika hili. Mtoto akienda kusomea udaktari, tunamwuliza lini atavaa koti, na picha yake ya koti tunaitundika sebuleni kabla hajamgusa mgonjwa hata mmoja. Macho yale aliyatoa kwetu.

Likizo ijayo tutaketi tena pale nje ya kanisa. Tutawauliza kila mwalimu wenu alimwuliza nini mgonjwa wake wa kwanza asubuhi, na aliketi au alisimama alipokuwa akimsikiliza. Na yule wa buti za mpira, mtatueleza hutokea wapi asubuhi zile hata buti zimejaa tope.