Atakaye Saikolojia Asizikimbie Hesabu

Kijana wa shule yetu asemapo kwamba ataka kwenda Makerere kusoma saikolojia, wenziwe humcheka. Mmoja humwuliza kama ataka kuwa mwaguzi wa mawazo ya watu. Mwingine humpa shauri: "Basi, ndugu, umepumzika, hesabu huzihitaji tena." Neno la kwanza ni mzaha tu, halidhuru. La pili ni shauri baya, nami nataka kulipinga, maana wapo wanaolifuata wachaguapo masomo ya Kidato cha Tano, na baadaye ni vigumu kurudi nyuma.

Saikolojia ni elimu ya nafsi na mwenendo wa binadamu: jinsi anavyofikiri, anavyokumbuka, anavyoogopa na anavyojifunza. Mambo hayo wazee wetu waliyazungumza tangu zamani. Lakini mwaka 1879 Mjerumani Wilhelm Wundt alifungua maabara mjini Leipzig, na tangu hapo elimu hii ikashika njia ya kupima. Haitoshi kusema, "Naona ni hivi." Sharti uonyeshe.

Mfano mzuri uko hapa hapa Uganda. Huko Masaka na Rakai, ambako ukimwi uliua watu wengi, wataalamu walitaka kuwasaidia wenye huzuni nzito. Walianza kwa kuwauliza wenyeji huiitaje taabu hiyo. Wakaambiwa maneno ya Kiganda: okwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubagiza, yaani kujihurumia. Kisha wakachukua vijiji 30. Kwa kura, baadhi vikapata vikundi vya mazungumzo, na vingine vikaendelea kama desturi. Vikundi vilikutana kila juma kwa majuma 16, na viongozi wao hawakuwa madaktari, bali wenyeji wenye elimu ya sekondari waliofunzwa kwa majuma 2. Matokeo yalitangazwa mwaka 2003: waliokaa katika vikundi walipata nafuu kubwa kuliko wenzao.

Sasa nawauliza, wasomaji: walijuaje kwamba nafuu ile haikuja yenyewe, kama mafua yaponavyo bila dawa? Walijua kwa kulinganisha vijiji na vijiji, na kwa hesabu za takwimu. Bila lugha wangeuliza maswali yasiyojibika. Bila hesabu wangerudi na hadithi tu.

Kwa hiyo namwambia hivi mwenzangu wa Kidato cha Nne. Kwanza, uingiapo Kidato cha Tano, zaidi ya masomo makuu 3 na General Paper, huachiwa kuchagua hisabati ndogo au kompyuta. Wengi wa upande wa sanaa hukimbilia kompyuta. Wewe chukua hisabati, maana humo mna takwimu. Pili, usiidharau baiolojia: hofu na kumbukumbu zina makao katika ubongo na mishipa ya fahamu. Hata kama hutaendelea nayo, ishike vizuri ile ya Kidato cha Nne. Tatu, tunza lugha ya kwenu, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Mtu mwenye uchungu hulia kwa lugha ya mama yake.

Nne, jifunze kutazama. Mary Ainsworth, aliyekuja Kampala mwaka 1954, alizuru nyumba za akina mama 26 vijijini kwa miezi, akitazama jinsi watoto wachanga wanavyoshikamana na mama zao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967, na hata leo vyuo vya ulimwengu husoma kazi yake. Alikuwa na mkalimani, daftari na subira. Hata bwenini twaweza kuanza. Wape wenzako maneno mageni 20: kundi moja lijifunze kwa saa moja usiku mmoja, kundi la pili kwa robo saa kila usiku kwa siku nne. Wapime wote baada ya juma. Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba kujifunza kwa kugawanya siku kwafaa zaidi; wewe utaona kama ndivyo. Lakini waombe ruhusa kwanza, wala usitangaze jina la aliyeshindwa. Asiyeweza kutunza siri haifai kazi hii.

Najua wazazi watauliza, "Kazi iko wapi?" Swali hilo ni la haki, maana karo yetu ni ng'ombe waliouzwa. Siwezi kuwaambia kwamba kazi zimejaa. Tena shahada ya kwanza peke yake haimfanyi mtu kuwa tabibu wa nafsi. Hana budi kuendelea kusoma. Lakini shule, hospitali na makambi ya wakimbizi yana watu wenye mizigo moyoni, na wanaojua kuipokea ni wachache. Na kijana ajuaye kupima, kuuliza na kusikiliza, hata akiingia kazi nyingine, hatakuwa amepoteza miaka yake.

Neno la mwisho ni kwenu, kaka zetu mliotutangulia. Kama yumo kati yenu aliyesoma elimu hii, twamwomba aje Jumamosi moja kwenye mdahalo wetu, atueleze kazi ilivyo, matamu yake na machungu yake. Mpaka sasa twasikia uvumi wa bwenini tu, na fomu za kuchagua masomo hazingoji.