Picha Haipimi Uzito wa Nyota

Anayedai kwamba picha kali inatosha kuchunguza nyota pacha changa aitazame T Tauri, katika kundinyota la Ng'ombe. Kwa mwanga wa kawaida ni nyota moja. Mwaka 1982 infraredi ilifichua mwenzake upande wa kusini, aliyegubikwa na vumbi. Baadaye huyo naye akabainika kuwa wawili! Sawa, hiyo ni kazi ya picha. Lakini kasi je? Mistari ya spektra husogea nyota inapotujia au kutukimbia, na uwiano wa kasi za pacha hutoa uwiano wa masi. Tena nyota ndogo, baridi, humezwa na mng'ao wa mwenzake. Kwenye infraredi pengo la mng'ao kati yao hupungua. Anayedai picha inatosha anaiita spektra ya infraredi anasa. Bila masi zilizopimwa, nadharia za umri wa nyota changa atazihakiki kwa kipimo gani?