Kahawa Nzito na Mashine ya Fahari

Katika Visiwa vyetu kahawa si jambo geni. Tangu zama za majahazi buni imekuwa ikikaangwa, ikitwangwa na kuchemshwa, na muuzaji akapita mitaani na mdila wake, huku akigonganisha vikombe ili watu wajue amefika. Kwa hiyo hatushangai kuona vijana wetu leo wakiipenda kahawa ya Kitaliano iitwayo espreso, iliyotufikia kwa njia ya mahoteli. Wengi wao wanaitafuta si kwa starehe tu, bali kwa ajira, kwani anayejua kuitengeneza hupata nafasi mbele ya asiyejua. Linalotushughulisha ni kwamba shauku hiyo njema inageuzwa kuwa israfu.

Si muda mrefu tulitembelea ofisi moja, ambayo jina lake tunalihifadhi. Tulionyeshwa mashine ya espreso inayong'ara, imefunikwa kitambaa kama bibi harusi. Tulipoomba kikombe tuliletewa chai. Mashine ilinunuliwa, lakini hakikununuliwa kisagio, wala hakufundishwa mtu wa kuitumia. Kosa hilo hilo hufanywa na kijana anayekopa fedha ili naye awe na mashine nyumbani.

Ni vyema kwanza tukielewe kitu chenyewe. Espreso si aina ya buni. Ni njia ya kupika, ambapo maji ya moto, yaliyo chini kidogo ya kiwango cha kuchemka, husukumwa kupita katika unga laini ulioshindiliwa, kwa shinikizo la kiasi cha mara 9 ya lile la hewa inayotuzunguka. Luigi Bezzera wa Milano alipata hataza ya mashine yake ya mvuke mwaka 1901. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Achille Gaggia akaleta mashine ya wenzo na springi, iliyotoa kahawa yenye povu la rangi ya dhahabu. Wenzo huo uliendeshwa kwa nguvu za mkono wa mtu. Leo wauzaji huandika 15 au 20 juu ya maboksi yao, kana kwamba wingi wa shinikizo ndio ubora. Sivyo. Zile 9 zinatosha, na mwenye kulipia ziada amelipia namba.

Siri ya kahawa hii imo zaidi katika kusaga. Unga ukiwa mnene, maji hupita mbio na kahawa hutoka nyepesi yenye uchachu. Ukiwa laini kupita kiasi, maji hukwama na kahawa hutoka chungu isiyonyweka. Kisagio cha visu hukatakata punje ovyo, nyingine vumbi, nyingine vipande. Kisagio cha meno husaga sawasawa, na kile cha kuzungushwa kwa mkono huuzwa kwa bei nafuu kuliko cha umeme cha ubora ule ule. Basi mwenye kipato kidogo na aanze na kisagio hicho, kisha mizani ndogo ya gramu, kisha buni iliyokaangwa karibuni. Kipimo cha kuanzia ni gramu 18 za unga, zitoe kiasi cha gramu 36 za kahawa kwa sekunde 25 hadi 30. Ikitoka upesi, asage laini zaidi. Ikichelewa, asage mnene zaidi. Huo ndio ufundi wenyewe.

Kwa asiyeweza kununua mashine kubwa, vipo vyombo vidogo vya wenzo visivyotumia umeme, ambavyo hufikia shinikizo linalotakiwa. Lipo pia birika la moka, lililotokana na karakana ya Alfonso Bialetti huko Italia mwaka 1933, na ambalo jina lake linatokana na bandari ya Mokha ya Yemen. Tusidanganyane: shinikizo la birika hilo halifiki hata robo ya lile la mashine, na kinachotoka si espreso kamili. Lakini ni kahawa nzito, na hupikwa juu ya jiko la mkaa au la gesi.

Sisi wa Unguja tunajua thamani ya chombo kisichongoja umeme. Tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 tulikaa gizani kwa miezi mitatu, na kila chombo cha umeme kikawa pambo. Hata maji yetu, yatokayo katika miamba ya matumbawe, yana chokaa inayoganda ndani ya mabomba membamba ya mashine. Birika husuguliwa likaisha; mashine huhitaji fundi.

Liko pia suala la buni. Kagera hulima robusta, aina ambayo Waitaliano huichanganya ili kupata povu zuri. Kilimanjaro, Mbeya na Mbinga hulima arabika. Sehemu kubwa ya mavuno hayo huondoka nchini ikiwa buni mbichi, na faida ya kukaanga hubaki ng'ambo. Tunaponunua kopo la kahawa ya kigeni, huenda tunanunua jasho la mkulima wetu kwa bei maradufu. Mama zetu wanajua kukaanga buni. Kinachohitajika ni kuiacha itulie siku kadhaa kabla ya kuisaga kwa espreso.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa ofisi, kabla ya kutia saini hati ya kununua mashine, waulize nani atasaga, nani atapika na nani atatengeneza itakapoharibika. Tunaviomba vituo vya mafunzo ya amali viwape vijana visagio na vyombo vya wenzo vya kujifunzia, ili wasilazimike kukopa ndipo wajifunze. Nao wafanyabiashara wetu walete buni ya Bara, waikaange hapa hapa, na waiuze kwa vipimo ambavyo mtu wa kawaida anavimudu.

Kijana aliyejifunza kwa kisagio cha mkono ataweza kuiendesha mashine yoyote atakayokabidhiwa. Mwenye mashine asiyejua kusaga, ataendelea kuwapa wageni wake chai.