Si maringo, ni ugonjwa



Sisi wauguzi tumewazoea wagonjwa wa ngozi ambao ngozi zao ni nzima. Kijana anatuonyesha chunusi ambazo hatuzioni hata tukimsogeza dirishani kwenye mwanga, naye anasema watu wote njiani wanamcheka. Nyumbani anaitwa mwenye maringo kwa sababu habanduki kwenye kioo. Jina hilo hatulikubali. Mwenye maringo hujipenda. Huyu anauchukia uso wake, anaufunika kwa kanga au kofia, mwishowe anaacha shule na kwaya.

Daktari Mwitaliano, Enrico Morselli, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1891, na leo umo katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Mara nyingi huanza wakati wa kubalehe. Wavulana nao huupata: wapo wanaojiona wembamba kama njiti ilhali wana misuli ya kutosha.

Tunalolipinga ni kulimaliza jambo hili dukani. Fedha zinakwenda kwenye mkorogo na krimu, nyingine zina zebaki inayodhuru figo, na hofu inabaki pale pale.

Mleteni hospitali. Kwanza atapimwa mwili, hasa kama amekonda, maana kujinyima chakula kwa kuogopa unene ni ugonjwa mwingine, nao huweza kuudhoofisha moyo. Kisha ataulizwa polepole, mzazi akisubiri nje: kwa siku unawaza sura yako muda gani? Saa moja? Saa tatu? Umeacha kufanya nini kwa sababu hiyo? Umewahi kutamani kufa? Swali hili la mwisho lisiwaudhi. Wenye ugonjwa huu wamo katika hatari ya kujiua, na kuulizwa hakumpandikizii mtu wazo hilo.

Ikibidi, ataandikiwa barua kwa daktari wa magonjwa ya akili. Hapo ndipo wazazi wengi hurudi nyuma, wakidhani safari ni ya Mirembe, Dodoma, kulazwa. Sivyo. Mara nyingi matibabu ni mazungumzo na mtaalamu kila wiki, pengine pamoja na vidonge, naye hulala kwake. Vidonge huchukua wiki nyingi, hata 12, kabla ya kuonyesha kazi yake. Msivikatize baada ya wiki mbili.

Kijana mwenyewe ataona haya kusema. Msemeeni mkifika: "Anateseka kwa ajili ya sura yake." Nasi tutajua pa kuanzia.