Utafiti wa timu za afya: Namba zinachapishwa, kazi inabaki gizani

Na Mwandishi Wetu

KABLA ya kisu kugusa ngozi ya mgonjwa, watu wote waliomo katika chumba cha upasuaji wanasimama kidogo. Kila mmoja anataja jina lake na kazi yake: daktari wa upasuaji, mtaalamu wa dawa za usingizi, muuguzi. Kisha wanathibitisha kwa sauti mgonjwa huyo ni nani, anafanyiwa upasuaji gani na katika sehemu ipi ya mwili.

Hatua hiyo fupi ni sehemu ya Orodha ya Ukaguzi wa Usalama wa Upasuaji ya Shirika la Afya Duniani (WHO), yenye vipengele 19, iliyozinduliwa mwaka 2008. Kwa Watanzania si habari ya mbali. Miongoni mwa hospitali nane duniani zilizoijaribu kwanza ilikuwamo Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara, mkoani Morogoro. Nyingine zilikuwa katika miji ya Toronto, London, Seattle, Auckland, Amman, New Delhi na Manila.

Matokeo ya jaribio hilo yalichapishwa Januari 2009 katika jarida la Marekani la The New England Journal of Medicine. Wagonjwa 3,733 walifuatiliwa kabla ya orodha kuanza kutumika, na wengine 3,955 baada ya hapo. Vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8. Wagonjwa waliopata matatizo makubwa baada ya upasuaji walipungua kutoka asilimia 11 hadi asilimia 7.

Namba hizo zilizunguka dunia kwa kasi. Nchi nyingi ziliagiza hospitali zake zitumie orodha hiyo. Hata hivyo, swali moja lilibaki bila jibu kamili: ni kitu gani hasa kilichookoa maisha? Je, ni karatasi yenyewe, dawa za kuzuia maambukizi zilizotolewa kwa wakati, au muuguzi aliyepata kwa mara ya kwanza nafasi ya kumwambia daktari mkubwa kwamba jambo fulani haliko sawa?

Watafiti wenyewe walikiri katika andiko lao kwamba hawakuweza kubaini kwa uhakika njia iliyoleta mafanikio, wakasema inaelekea yalitokana na mabadiliko ya mifumo na ya tabia za watendaji kwa pamoja. Ukiri huo ulikuwa wa haki. Lakini waliosoma namba peke yake hawakuuzingatia, na matokeo yake yalionekana miaka mitano baadaye huko Kanada.

Katika jimbo la Ontario, Serikali ilizitaka hospitali zitangaze hadharani kiwango chao cha kutumia orodha hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida lilelile ulichunguza hospitali 101 za jimbo hilo. Vifo vilikuwa asilimia 0.71 kabla ya orodha na asilimia 0.65 baada yake, tofauti ambayo kitakwimu haikuweza kuhesabiwa kuwa mafanikio. Orodha ilikuwa ileile, lakini matunda hayakuonekana.

Daktari Lucian Leape wa Marekani, aliyejulikana kwa kazi zake kuhusu usalama wa wagonjwa, aliandika katika toleo hilohilo kwamba kuweka alama ya vema kwenye visanduku hakuokoi mtu. Kinachookoa ni kutenda yale yaliyoandikwa. Kwa maneno mengine, hospitali inaweza kuwa na karatasi iliyojazwa kikamilifu na bado isiwe na timu.

Hapo ndipo suala la uchapishaji wa tafiti linapoacha kuwa jambo la maprofesa na kuwa jambo la mgonjwa. Utafiti wa dawa mpya ukichapishwa, hospitali nyingine inaweza kuinunua dawa hiyohiyo na kutoa kipimo kilekile. Utafiti wa huduma inayotolewa na timu ya wataalamu wa fani mbalimbali ni tofauti, kwa kuwa timu hainunuliwi dukani. Kama andiko halielezi timu ilifundishwaje, nani aliongoza, nani alipinga na alishawishiwa vipi, hospitali nyingine inabaki na namba ya kutamani bila njia ya kuifikia.

Si kwamba wanasayansi hawalijui tatizo hilo. Mwaka 2013 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchunguzi wa tiba na huduma 137 zisizo za dawa zilizokuwa zimeripotiwa katika majarida makubwa. Ni asilimia 39 tu zilizokuwa zimeelezwa kwa ukamilifu unaotosha kumwezesha mtu mwingine kuzirudia. Baada ya waandishi kuandikiwa na kuombwa maelezo zaidi, kiwango kilipanda hadi asilimia 59. Maana yake ni kwamba maelezo mengi yalikuwapo, ila hayakuchapishwa.

Mwaka uliofuata ulitolewa mwongozo uitwao TIDieR, wenye vipengele 12, unaomtaka mwandishi aeleze nani alitoa huduma, wapi, kwa njia gani, mara ngapi, na kitu gani kilibadilishwa njiani. Ni maswali ambayo mwandishi wa habari yeyote hufundishwa katika wiki ya kwanza ya masomo. Ajabu ni kwamba sayansi ilihitaji mwongozo maalumu ili kuyauliza.

Fani ya ushirikiano wa wataalamu wa afya ina jarida lake pia. Journal of Interprofessional Care lilianza mwaka 1986 kwa jina jingine, likachukua jina la sasa mwaka 1992. WHO nayo ilitoa mwaka 2010 mwongozo wake kuhusu elimu na kazi za pamoja kwa wataalamu wa afya, ikisisitiza kwamba wanafunzi wa fani mbili au zaidi wajifunze pamoja, wajifunze mmoja kutoka kwa mwingine, na kila mmoja ajue kazi ya mwenzake.

Pamoja na juhudi hizo, ushahidi uliokusanywa bado ni mdogo. Mapitio ya mtandao wa Cochrane ya mwaka 2017, yaliyoongozwa na mtafiti Scott Reeves, yalipata tafiti tisa tu duniani zilizokidhi vigezo vyao kuhusu mbinu za kuimarisha ushirikiano wa wataalamu, na uzito wa ushahidi wake ulikuwa mdogo. Waliohitimisha mapitio hayo hawakusema kwamba ushirikiano haufai. Walisema kwamba ushahidi uliopo hautoshi kutoa kauli thabiti.

Hapa nyumbani pengo hilo linaonekana kwa namna yake. Mwaka 2009 jarida la Health Affairs la Marekani lilichapisha utafiti kuhusu upasuaji wa dharura wa wajawazito katika mikoa ya Mwanza na Kigoma. Ulibaini kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na madaktari wasaidizi, na kwamba matokeo yao hayakutofautiana kwa kiwango cha maana na ya madaktari wenye shahada. Ulikuwa utafiti muhimu, kwani uliwatetea kwa takwimu watumishi ambao wilaya nyingi ziliwategemea.

Lakini swali kuu la utafiti huo lilikuwa la kada moja kulinganishwa na nyingine. Mjamzito anayefikishwa hospitali ya wilaya usiku wa manane haokolewi na aliyeshika kisu peke yake. Yupo mkunga aliyetambua mapema kwamba uchungu umekwama, dereva aliyewahi, mtumishi wa maabara aliyepata damu ya kundi linalofaa, aliyetoa dawa ya usingizi, na muuguzi aliyekesha akipima shinikizo la damu baada ya upasuaji. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Tafiti zetu bado zimezoea kuhesabu kidole kimoja kimoja.

Sababu mojawapo ni namna heshima ya uandishi inavyogawanywa. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya kitabibu, iliyoanza mwaka 1978 katika mji wa Vancouver, imeweka masharti manne ya mtu kuitwa mwandishi wa utafiti: awe amechangia kwa uzito katika kuubuni, au katika kukusanya au kuchambua takwimu zake, awe ameshiriki kuliandika andiko au kulihakiki kwa kina, awe ameliidhinisha, na awe tayari kuwajibika kwa yaliyomo. Sharti la nne liliongezwa mwaka 2013.

Masharti hayo yana nia njema, kwani yanazuia wakubwa kupachika majina yao katika kazi wasizozifanya. Hata hivyo, yana mlango unaoweza kumfungia nje mtu wa wodini. Muuguzi aliyekusanya takwimu kwa mwaka mzima asipoitwa wakati wa kuandika, anakosa sharti la pili, na kwa kulikosa hilo anashushwa katika orodha ya wanaoshukuriwa mwishoni. Kamati yenyewe imeonya kwamba masharti hayo yasitumiwe kwa namna hiyo, na kwamba kila aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kushiriki katika uandishi. Onyo hilo lina uzito pale tu wakuu wa tafiti wanapolifuata.

Katika utafiti ule wa hospitali nane, jina la daktari wa Tanzania, Dk. Pascience Kibatala, lilikuwamo miongoni mwa waandishi, jambo la kujivunia. Ila kadiri tunavyotaka kujua ushirikiano ulijengwaje, ndivyo tunavyohitaji kumsikia pia muuguzi na mtoa dawa ya usingizi. Daktari bingwa anaweza kuamini kwa dhati kwamba kila mtu katika chumba chake yuko huru kusema. Anayejua kama ni kweli ni yule aliyewahi kujaribu kusema.

Kikwazo kingine ni lugha na upatikanaji. Mpango wa Hinari, ulioanzishwa na WHO pamoja na wachapishaji mwaka 2002, umeziwezesha taasisi za nchi zenye kipato kidogo kusoma majarida mengi bure au kwa bei nafuu. Ni msaada mkubwa kwa vyuo. Kwa wodi ya hospitali ya wilaya msaada huo una mipaka, kwani unapitia taasisi zilizosajiliwa, na maandiko yenyewe ni ya Kiingereza cha kitaalamu. Wodini watu huulizana, hujibizana na kupeana zamu kwa Kiswahili, lakini yale yaliyoandikwa kuhusu mazungumzo hayo hayarudi kwao kwa lugha hiyo.

Wapo watakaosema kwamba majarida hayana nafasi ya kusimulia kila kikao na kila ugomvi wa wodini, na kwamba sayansi bila namba ni hadithi. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Bila takwimu za Ifakara na wenzake, orodha ya ukaguzi ingebaki wazo zuri la watu wachache. Bila takwimu za Ontario, tungeendelea kuamini kwamba karatasi inatosha. Namba ndizo zilizotuonyesha kwamba kuna jambo la kuuliza.

Lakini namba haziwezi kulijibu swali hilo zenyewe. Na kisingizio cha nafasi kimepungua nguvu tangu majarida yahamie kwenye intaneti, ambako viambatisho vya kurasa nyingi vinaweza kuwekwa pembeni ya andiko kuu. Kilichobaki ni uamuzi wa wahariri kudai maelezo hayo, na wa wakuu wa tafiti kuyaandika wakiwa na timu nzima mezani.

Tanzania ina kamba ya kushikia. Vyeti vya kibali cha maadili vinavyotolewa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) vimekuwa vikimtaka mtafiti apate ruhusa kabla ya kuchapisha matokeo, na awasilishe nakala za machapisho kwa taasisi hiyo na kwa Wizara ya Afya. Mtafiti anayaheshimu masharti hayo kwa sababu bila kibali hana utafiti.

Kwa tafiti zinazohusu huduma za timu, yangeongezwa masharti mawili tu. La kwanza, andiko lieleze kazi ilivyofanyika kwa vipengele vinavyojulikana, na lionyeshe kila kada ilishiriki vipi katika utafiti na katika uandishi. La pili, muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili urudishwe katika hospitali ulikofanyika utafiti, usomwe katika kikao cha wodi, na watumishi wapewe nafasi ya kusema kama ndivyo ilivyokuwa.

Sharti la pili huenda likawa gumu kuliko la kwanza, kwa kuwa litamweka mwandishi mbele ya watu anaowaandika. Linaweza pia kufichua mapema yale ambayo hospitali za Ontario hazikuyaona katika ripoti zao: kwamba fomu zimejazwa zote, lakini kabla ya kisu kugusa ngozi, hakuna aliyetaja jina lake.